Kanuni za afya wakati wa janga: kwa nini hazishiki hata faini ikiwa kubwa?

#1 Zamu_ya_Usiku (mleta uzi)
Wakuu salaam. Naomba hili tulijadili kwa hoja za utendaji, siasa tuziweke kando.

Kila janga likija mambo ni yaleyale. Kanuni zinatangazwa, faini inapangwa, polisi wanatoka barabarani, wiki za mwanzo watu wanatii, kisha kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. San Francisco mwaka 1918 walitunga sheria ya barakoa yenye faini ya dola 5 hadi 100 au kifungo kisichozidi siku 10. Novemba wakaiondoa. Januari 1919 mafua yaliporudi wakairudisha, na safari hii likaibuka kundi la kuipinga hadharani. Tarehe 1 Februari ikafutwa. Miaka mia baadaye UVIKO-19 umetuonyesha picha hiyohiyo.

Dai langu: tatizo siyo ukubwa wa adhabu, ni uhakika wa kukamatwa. Faini ndogo inayomfikia kila mkosaji ina nguvu kuliko faini kubwa inayompata mmoja kati ya elfu. Karibuni.

#2 Kipimajoto
Nakubali nusu. Uhakika wa kukamatwa kwa kanuni ipi? Kuna zinazoonekana: barakoa, msongamano, saa ya kufunga biashara. Na kuna zisizoonekana: aliyekutana na mgonjwa kubaki ndani siku 14, mgonjwa kutaja alikokuwa. Hizi za pili ndizo zinazokata mnyororo wa maambukizi zaidi, kwa sababu mwenye UVIKO-19 anaweza kuanza kuambukiza siku 2 kabla ya kuona dalili yoyote. Askari anakimbilia zile za kwanza kwa kuwa ndizo anazoziona na ndizo zinazojaza kitabu cha taarifa.

#3 TakwimuTu
Ngoja niweke namba, maana bila namba tutabishana hadi kesho.

Chukua watu 1,000 walioagizwa kukaa ndani siku 14. Tuseme ziara moja ya mlangoni, pamoja na mwendo wa nyumba hadi nyumba, inakula dakika 20. Kumtembelea kila mtu mara moja kwa siku ni dakika 20,000, yaani saa 333. Afisa akikaa uwandani saa 6, unahitaji maafisa 56 kila siku. Maambukizi yakiongezeka mara mbili kwa wiki, wiki inayofuata unahitaji 112, na hao hawapo. Hapo ndipo mipango mingi inakwama, wala siyo kwa uzembe wa mtu.

Suala ni kutomtembelea kila mtu. Kila siku chagua 1 kati ya 5 kwa bahati nasibu. Ziara zinakuwa 200, saa 67, maafisa 12. Uwezekano wa mtu kumaliza siku 14 bila kufikiwa hata mara moja ni 0.8 kwa kipeo cha 14, kama 4% hivi. Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi: uhakika unapatikana, tena kwa watu wachache.

#4 Hesabu_Moto
TakwimuTu, hesabu yako ni ya kutembelewa, siyo ya kukamatwa. Ukifika nyumbani kwa mtu na ukamkuta, hujamkamata kwa lolote. Lazima ufike wakati yuko nje.

Tuchukue ziara za mchana tu, saa 12 za kazi. Mtu anayetoka saa 2 kwa siku: uwezekano wa kunaswa kwa siku ni 1/5 mara 1/6, yaani 1/30. Kwa siku 14 ni 38% tu. Mtu anayetoka saa 8 kwa siku kwenda kazini: 1/5 mara 2/3, na kwa siku 14 inafika 87%. Mtego ni uleule, samaki ni tofauti kabisa.

#5 TakwimuTu
Marekebisho yamepokelewa, asante. 38% bado siyo ndogo lakini.

#6 BibiAfya
Hesabu_Moto umefungua mlango niliokuwa nautafuta. Huyo anayetoka saa 8 ndiye mwenye sababu ya kutoka. Ni kibarua wa siku, asipokwenda hakuna kinachoingia nyumbani. Mtego wenu unamnasa mwenye njaa na unamwacha aliyetoka kutembea. Halafu mnamtoza faini yule asiyekuwa nayo, na jirani zake wanajifunza kitu kimoja tu: usiende kupima.

Uingereza wameliona hili wakachelewa. Kwa England, kuanzia tarehe 28 Septemba 2020 kutokujitenga kukawa kosa, faini kuanzia pauni 1,000 hadi 10,000. Siku hiyohiyo wakaleta malipo ya pauni 500 kwa wenye kipato kidogo. Wazo zuri, ila masharti yakawa mengi: uwe umearifiwa rasmi, usiweze kufanya kazi ukiwa nyumbani, uwe unapokea misaada fulani ya serikali. Maombi mengi yakakataliwa. Faini ilikuwa na uhakika kuliko msaada.

Katika kazi ya ufuatiliaji, simu ya kwanza ndiyo inayoamua kila kitu. Ipigwe ndani ya saa 24 tangu majibu yatoke. Na mpangilio wa maswali ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Usianze na "taja uliokutana nao". Anza na hali yake, kisha mahitaji: chakula na maji vya siku ngapi vipo ndani, dawa za kudumu kama za kisukari au presha zinaisha lini, nani anapokea watoto, nani anatoa taka, anahitaji barua ya mwajiri au la, simu itakuwa na salio? Andika kila jibu, mpe jina la atakayemletea na saa. Ndipo uulize majina. Ukianza na majina unapewa mawili matatu, tena ya wale asiowajali.

#7 Kipimajoto
Naongezea kwa #6. Watu wanaficha majina pia kwa aibu, siyo kwa njaa peke yake. Mei 2020 Seoul walipata mlipuko kwenye kumbi za usiku za Itaewon, baadhi zikiwa za watu waliokuwa wanaogopa kujulikana. Simu hazikupokelewa. Jiji likaruhusu watu kupimwa bila kutoa jina, namba ya simu tu, na watu wakajitokeza. Faini kule ilikuwepo kisheria, lakini iliyofungua mlango ni siri.

#8 Wakili_Mtaa
Mnaongelea kukamata kana kwamba faini ikishaandikwa kazi imekwisha. New South Wales, Australia, Novemba 2022: serikali ilifuta faini 33,121 za UVIKO, zaidi ya nusu ya zote zilizotolewa kwenye jimbo lile. Sababu? Zile karatasi hazikueleza kosa vya kutosha. Ziliandika kwa ujumla kwamba mtu amekiuka agizo, basi.

Karatasi ya kosa inayosimama mahakamani ina haya: tarehe na saa, mahali kamili, agizo namba ngapi na kifungu kipi, toleo la siku ile (maana maagizo yalibadilika kila wiki), mtu alifanya nini hasa, na kwamba msamaha unaoruhusiwa uliulizwa na haukuwepo. Hiyo ya mwisho ndiyo inasahaulika kuliko zote. Agizo likisema "asitoke bila sababu ya msingi", afisa asiyeuliza sababu na kuiandika hana kesi.

Na kabla ya hapo agizo lenyewe lipite mtihani. Misingi ya Siracusa ya 1984, yaani kanuni za kimataifa kuhusu kubana haki za watu, inataka kizuizi kiwe na msingi wa sheria, kiwe na lengo halali, kiwe cha lazima, kiwe chepesi kuliko vingine vinavyoweza kufanya kazi ileile, na kisiwe cha ubaguzi.

#9 Daraja_la_Mti
Wakili_Mtaa hata uzi wa mpira lazima utuletee kifungu 😀 Lakini hapo umenifundisha.

Mimi naona tunazunguka. Hii kazi ni ya kale, karantini imeanzia Venice, siku 40, na waliiweza kwa sababu walikuwa na ukali. Meli inakaa nje, hakuna mjadala.

#10 Mchimba_Kale
Daraja, sahihisho dogo. Sheria ya kwanza ya namna hiyo inayojulikana ni ya Ragusa, ambayo leo ni Dubrovnik, mwaka 1377, na zilikuwa siku 30. Arobaini zilikuja baadaye.

Na tazama walivyoitekeleza, maana inagusa hoja ya mleta uzi. Waliotoka sehemu zenye tauni hawakuruhusiwa kuingia mjini hadi wakae mwezi mmoja kwenye kisiwa cha Mrkan au mji wa Cavtat. Mkazi wa mjini aliyewaendea au kuwapelekea kitu bila ruhusa alibaki nao kulekule mwezi mzima. Adhabu yenyewe ilikuwa kinga. Linganisha na kumkamata aliyevunja marufuku ya kutoka usiku kisha kumjaza mahabusu na watu 30 kwenye chumba kisicho na dirisha. Hiyo adhabu inatengeneza kile ilichotungwa kuzuia.

Lakini Ragusa lango lilikuwa bahari. Ukijaribu kufanya hivyo kwa mtaa wa watu, matokeo ni mengine. Monrovia, Agosti 20, 2014, serikali ya Liberia iliufunga mtaa wa West Point kwa ajili ya Ebola, waya na askari, kwa siku 21. Vurugu siku hiyohiyo, risasi zikapigwa, kijana wa miaka 15 akafa. Tarehe 30 wakaufungua. Bei za vyakula ndani zilikuwa zimepanda na watu walikuwa wanapenya kwa kuwahonga walinzi. Kizingiti kilichokuwa cha afya kikageuka cha biashara.

#11 Msimamizi_Lango
Nashukuru kwa historia. Nirudi kwenye lango la kawaida la ofisi, shule au soko, maana kanuni nyingi zinafia pale.

Kwanza kipimajoto cha bastola. Mtu akitoka juani paji la uso lina joto la jua, akitoka kwenye upepo na jasho linasoma chini. Anatakiwa akae kivulini dakika 10 angalau. Umbali ufuate maelekezo ya kifaa, vingi ni sentimita 3 hadi 5, walinzi wanapima kwa urefu wa mkono. Kifaa chenyewe kikihamishwa kutoka chumba cha baridi kwenda nje kinadanganya hadi kizoee hewa. Wengine wanapima kiganja, kisha wanaandika 34 na kumpitisha mtu. Joto la 34 kwa mtu anayetembea ni ishara kwamba kipimo kimekosewa, wala hakuna anayeshtuka.

Pili maji ya klorini. Dawa ya maji ya 5%, changanya sehemu 1 kwa maji sehemu 9, mnapata 0.5%, watu wanawe. Ibadilishwe kila siku kwa sababu jua linaiua nguvu.

Tatu kitakasa mikono. Chini ya 60% ya kilevi hakifai, na chupa nyingi zinajazwa upya bila anayejua kilichomo.

#12 Kipimajoto
Msimamizi, simama hapo kwenye klorini, mtu asije akachoma ngozi za watu. 0.5% ni ya sakafu, vitasa, meza na vitanda. Ya mikono ni 0.05%, yaani mara kumi nyepesi: sehemu 1 ya dawa ya 5% kwa maji sehemu 99. Mwenye chembechembe za klorini za 70% apime gramu 7 kwa lita 1 kwa ajili ya sakafu, na gramu 0.7 kwa lita kwa mikono. Hata hiyo ya mikono ni pale ambapo sabuni na kitakasa vimekosekana kabisa. Na sehemu chafu isafishwe kwa sabuni kwanza, la sivyo uchafu unaila klorini kabla haijafika kwenye kirusi. Usichanganye na dawa za choo zenye asidi, gesi yake ni sumu.

Kwenye bastola nakubaliana na wewe kila neno. Niongeze kwamba hata ikipimwa vizuri haimwoni aliye katika siku za kuatamia ugonjwa wala aliyemeza paracetamol asubuhi. Na vile vyumba vya kunyunyizia watu dawa mwilini, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Mei 2020 kwamba visitumike. Havimsaidii aliyeambukizwa, vinaumiza macho na mapafu.

#13 Msimamizi_Lango
Sawa kabisa mkuu, 1 kwa 99 ya mikono. Wasomaji mfuate #12.

#14 Sauti_ya_Kati
Jamani mnahesabu maafisa na gramu, lakini hamjagusa kinachoua utii kwa siku moja: mkubwa kukutwa anavunja. Aprili 2020 mganga mkuu wa Scotland alijiuzulu baada ya kwenda kwenye nyumba yake ya pili wakati yeye ndiye aliyekuwa kwenye televisheni akiwaambia watu wabaki nyumbani. Mei ikatoka habari ya mshauri wa Waziri Mkuu Boris Johnson aliyesafiri hadi Durham kisha akaenda Barnard Castle. Huyo hakujiuzulu wakati ule. Imani ya watu wa England kwa serikali ilishuka, na ilipimwa. Hata San Francisco ya #1, meya alionekana kwenye ndondi bila barakoa akatozwa faini.

Kwa hiyo mimi nasema: uaminifu kwanza, mengine yanafuata.

#15 Hesabu_Moto
Sauti_ya_Kati, tuwe waangalifu. Imani ilishuka, ndiyo. Lakini kushuka kwa imani na kushuka kwa utii ni vitu viwili. Watu wengi waliendelea kukaa ndani kwa kuogopa ugonjwa au kwa kumjali mzazi mzee, serikali wakiichukia. Usibebeshe sababu moja mzigo wote.

#16 BibiAfya
Na wapo walioiamini serikali kabisa lakini wakatoka kwa sababu maji yaliisha. Narudia.

#17 Zamu_ya_Usiku
Nimesoma yote, shukrani. Naona nimepigwa kona na #4 na #6, ila bado sijaachia dai langu. Nalirekebisha: uhakika wa kukamatwa unafanya kazi pale mtu anapoielewa kanuni na anaona inahusiana na ugonjwa. Afrika Kusini walipofunga nchi Machi 27, 2020 walipiga marufuku hata kuuza sigara, hadi katikati ya Agosti. Sigara zikahamia kwa magendo, bei zikapaa, wavutaji wakatumiana na kugawana. Desemba ile mahakama ya Western Cape ikasema ile marufuku ilikuwa kinyume cha katiba. Kanuni kama hiyo inachafua na zile nzuri zilizo jirani yake kwenye tangazo.

#18 Msimamizi_Lango
Mfano mwingine wa kanuni inayojipinga ni saa ya marufuku ya usiku. Ukiweka saa 1 jioni na maduka yakaruhusiwa hadi saa 12 na nusu, umewapa watu wote nusu saa ya kugombania usafiri. Umetengeneza msongamano mkubwa kuliko wowote wa siku. Kinachosaidia ni kupishanisha: viwanda vifunge saa 9, ofisi saa 10, maduka saa 11, na usafiri uendelee saa mbili baada ya mlango wa mwisho kufungwa. Askari asimame kituo cha basi kupanga foleni, siyo kizuizini kuandika faini.

#19 TakwimuTu
Kuna swali halijaulizwa: tunajuaje kwamba utii umeshuka? Idadi ya faini haisemi. Faini zikipungua inaweza kuwa watu wametii au askari wamechoka.

Njia rahisi ya barakoa: orodhesha vituo vyote vya eneo, chagua 20 kwa bahati nasibu, na saa uzichague hivyohivyo. Kila kituo dakika 15, watu wawili wanahesabu bila kuzungumza. Makundi matatu: imefunika pua na mdomo, imevaliwa vibaya (kidevuni, pua nje), hakuna. Wasivae sare, maana wakiwa na sare barakoa zote zinapanda puani. Hesabu zao zikipishana zaidi ya 10%, rudia. Fanya siku ileile ya wiki, kila wiki. Mara nyingi utakuta kundi la kati ndilo kubwa, na hilo halihitaji faini, linahitaji barakoa inayokaa vizuri puani na mahali pa kuivua kwa usalama.

#20 Wakili_Mtaa
Na data zikikusanywa zilindwe. Singapore walisema programu yao ya TraceTogether ni ya kufuatilia maambukizi tu. Januari 2021 ikathibitishwa bungeni kwamba polisi wanaweza kuzipata kwa uchunguzi wa jinai. Februari wakatunga sheria kuzuia, isipokuwa aina saba za makosa makubwa. Hiyo sheria ingepaswa kutangulia programu. (Daraja, hiki nacho ni kifungu, nivumilie.)

#21 Daraja_la_Mti
Lete tu, leo vinaingia. Swali: kwa nini basi msiwaweke wote hotelini, mlango ulindwe? Hakuna kuhesabu ziara.

#22 Kipimajoto
Melbourne 2020 walifanya hivyo kwa wasafiri. Walinzi walitoka kampuni binafsi, nyingine zikawapa kazi wakandarasi wadogo, mafunzo ya kinga yalikuwa haba, na baadhi walikuwa na kazi nyingine nje. Kirusi kikatoka kwenye hoteli mbili kupitia waliofanya kazi humo, na zaidi ya 90% ya maambukizi ya wimbi la pili la jimbo la Victoria vinasaba vyake vikarudi kwenye hoteli hizo. Ukitaka hoteli, mlinzi awe na mwajiri mmoja, apimwe kila zamu, alipwe akiugua. Na hewa ya korido itazamwe: milango miwili inayotazamana isifunguliwe kwa pamoja wakati wa kugawa chakula. Kipimo cha kaboni dayoksaidi kikisoma zaidi ya 800 (sehemu kwa milioni) ambapo nje ni kama 420, hewa haibadilishwi ya kutosha.

#23 Sauti_ya_Kati
Hapo tena umerudi kwa mshahara wa mlinzi. BibiAfya anashinda?

#24 Hesabu_Moto
Hajashinda. Mlinzi aliyelipwa vizuri bila mafunzo anaambukizwa vilevile.

#25 Mchimba_Kale
Kuna mambo ambayo hayakuwa fedha wala adhabu. Mazishi wakati wa Ebola, Afrika Magharibi. Amri ya kuchoma maiti ilifanya familia zizike usiku kwa siri. Novemba 2014 mwongozo wa mazishi ukaandikwa upya pamoja na viongozi wa dini: familia inaombwa ruhusa kabla, inaruhusiwa kusali na kuona mwili kwa umbali, timu inavaa mavazi ya kinga baada ya kusalimia, siyo kabla, na Muislamu anaweza kutayammamiwa badala ya kuoshwa. Hatari ilikuwa kugusa maiti, siyo kusali. Walipotenganisha hayo mawili, milango ikafunguliwa.

#26 Zamu_ya_Usiku
BibiAfya, swali la mwisho kwa leo. Ukipiga simu ya siku ya 5 na mtu akakiri alitoka jana, unafanya nini? Unaripoti?

#27 BibiAfya
Namuuliza alikwenda wapi, saa ngapi, alikaa ndani au nje, nani walikuwa karibu zaidi ya dakika 15. Hilo kwanza, kwa sababu hao watu wanahitaji simu leo. Pili namuuliza alifuata nini. Kama ni dawa, namwambia saa itakayofika na naifuatilia mimi. Siku zake hazianzi upya, zinahesabiwa tangu alipokutana na mgonjwa. Nikimripoti, simu ya siku ya 6 haitapokelewa. Akitoka mara ya pili baada ya mahitaji kufika, hapo namkabidhi afisa, na namwambia kabla kwamba nitafanya hivyo.

#28 Wakili_Mtaa
Hiyo "namwambia kabla" iandikwe na saa yake. Ndiyo onyo, na bila onyo lililoandikwa faini itakwama.